Mapigo Sitini na Nane

Kupima mapigo ya moyo ya watoto mia mbili si mchezo. Kila mwanzo wa mwaka mwalimu wa michezo, ambaye shule nzima ilimwita Madamu Filimbi, aliwapanga watoto nyuma ya bwalo, akawapandisha na kuwashusha benchi kwa dakika tatu, kisha akamshika kila mmoja kifundo cha mkono na kuhesabu dakika nzima huku akitazama saa yake. Mwenye mapigo ya ajabu alipelekwa zahanati. Miaka kumi na tisa alifanya hivyo bila kumruka mtoto hata mmoja, na sifa hiyo alijimwagia mwenyewe kila alipopata wa kumsikiliza.

Mwaka huu alimruka mmoja.

Mtoto mwenyewe ni Kambare, binti wa fundi cherehani, miaka kumi na minne. Jina hilo alipewa na wenzake kwa jinsi alivyokuwa anaogelea. Klabu yake nzima ya kuogelea hakuna aliyemfikia. Na watoto wa klabu waliruhusiwa kusamehewa kipindi cha michezo shuleni. Ni haki yao, nani atabisha? Mtoto ameamka alfajiri, kaogelea kilomita tatu kabla ya kengele ya kwanza, halafu mchana umkimbize tena juani ya nini? Apewe saa hiyo afanye hesabu zake, au alaze kichwa mezani. Ila fomu ya msamaha ilikuwa na sharti: mwalimu wa michezo ampime mtoto kwanza, aandike mapigo yake, atie sahihi. Klabu haikuwa na daktari wala muuguzi. Kocha alikuwa akiiona namba kwenye fomu, basi, anamwingiza mtoto majini.

Siku ya kupima, Kambare alikuja wa mwisho kabisa, begi begani.

"Shikamoo, madamu. Niandikie tu, nachelewa mazoezi."

"Marahaba. Panda benchi kwanza."

"Jamani, madamu! Mimi huyu? Ningekuwa mgonjwa si ningeshazama zamani?"

Madamu akacheka. Miguu ilikuwa inamuuma, jua limemchosha, na mtoto mwenyewe kasimama mbele yake na mabega mapana kama kabati. Akaandika sitini na nane. Namba nzuri, ya mwanamichezo. Aliitoa kichwani tu, hivi hivi, kama mtu anayekisia umri wa jirani.

Mwezi wa tano Kambare alizimia katikati ya bwawa. Kocha, bwana mmoja wa makamo asiyejua hata kupaza sauti, alijitosa na viatu vyake, akamtoa, akamkandamiza kifua mpaka mtoto akatapika maji na kuanza kulia. Hospitali wakasema moyo wake unapiga ovyo, mara unakimbia, mara unaruka. Umeanza lini, hawakuweza kusema. Walichosema ni kwamba mtu yeyote aliyemshika mkono dakika nzima angegundua. Kuogelea ndiyo basi tena, maisha yake yote.

Habari zilipomfikia Madamu, alijifungia kwenye choo cha walimu akalia. Alilia kwa huruma na alilia kwa woga, na hakutaka kujua kipi kilizidi.

Wiki iliyofuata wakaitwa kwa mwalimu mkuu: yeye, kocha, na Kambare na baba yake. Fundi cherehani alikataa hata kukaa.

"Nilikupa mtoto wangu umfundishe au umuue?" alimwambia kocha. "Mara mbili kwa siku! Yule ni mtoto au punda?"

Kocha akaiweka ile fomu mezani. "Baba Kambare, mimi si daktari. Nilitegemea hii. Kama mwezi wa kwanza alikuwa mzima, sawa, nimemzidishia mimi, nitabeba. Kama hakupimwa, tuambiane."

Mkuu akageuka. "Madamu, ulimpima?"

Ukweli ulikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Lakini aliuona unga wake ukimwagika, akawaona walimu wenzake wakinong'ona, na roho ikamsinyaa.

"Nilimpima."

Mkuu akamtazama Kambare, aliyejikunyata karibu na mlango ndani ya sweta kubwa. "Ni kweli, mwanangu?"

Kambare alimwangalia Madamu, akamwangalia baba yake. "Ndiyo. Alinipima."

Basi, kesi ikaisha. Mwezi wa kwanza mtoto alikuwa mzima, mwezi wa tano nusura afe: nani mwingine alaumiwe? Ikakubaliwa shule iandikie klabu barua, kocha aondolewe, asifundishe mtoto tena. Mkuu akasema ataitia sahihi Ijumaa. Kocha aliaga kila mtu kwa adabu, akatoka.

Kwenye korido Kambare alimvuta Madamu pembeni.

"Madamu, mimi nilijua. Tangu mwaka jana nilikuwa naona giza nikiwa majini. Ndiyo maana sikutaka unipime, ningenyimwa mashindano. Na pale ndani nilimwogopa baba." Akajifuta pua kwa mkono wa sweta. "Lakini kocha ndiye aliyenitoa majini. Twende tukaseme, wote wawili. Nitasema mimi ndiye niliyekuomba."

"Nenda nyumbani ukapumzike, mwanangu. Tutaongea kesho."

Kesho yake Madamu alimkwepa. Keshokutwa yake alipitia mlango wa jikoni ili wasikutane. Alhamisi mchana alikuwa uwanjani na darasa zima alipomwona mkuu anavuka nyasi, na Kambare nyuma yake, anatembea polepole kama alivyoagizwa na daktari.

"Madamu, mtoto huyu kanijia mwenyewe," alisema mkuu. "Anasema hukumpima. Anasema ni yeye aliyekusumbua umwandikie, kwa hiyo kosa ni lake. Kama ndivyo, niambie sasa hivi. Barua ya kocha bado ninayo."

Hebu niambie, mtu angetaka nafasi gani nyingine? Mtoto mgonjwa amekwisha kuubeba mzigo wote, kabakiza mwalimu wake aitikie kwa kichwa tu. Watoto arobaini walikuwa wamesimama wanamtazama.

Akamwekea Kambare mkono begani.

"Maskini mwanangu," akasema. "Mkuu, huyu ana huruma. Anampenda kocha wake, anataka kumwokoa. Na dawa zile nazo zinamchanganya kichwa. Tusimchoshe."

Mkuu akashusha pumzi, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akarudi ofisini kwake.

Kambare akainamisha macho.

"Samahani, madamu," akasema.

Na Madamu Filimbi, Mungu amsamehe, akamjibu, "Haya. Usirudie."