Mayai ya Bei ya Kutupa

Kwa miaka kumi na sita alitengeneza mafriji ya watu katika karakana ya mtu mwingine, na mtaa mzima ulimjua kwa jina la Fundi Baridi. Siku alipomwambia mwajiri wake kwamba anaacha kazi, wenzake walicheka wakidhani ni utani. Mtaji wa maana hakuwa nao. Alikuwa na friji bovu lililotelekezwa na mwenyewe, na wazo lililomnyima raha mwaka mzima.

Alilisukuma friji lile kwa mkokoteni hadi nyumbani, akang'oa mtambo wa baridi, akafunga taa nne, feni ndogo, kidhibiti joto, na trei za waya alizoziwekea mota ili zijigeuze zenyewe. Akaingiza mayai sitini kwa majaribio. Siku ya ishirini na moja mkewe alikuwa akifua uani aliposikia mlio kutoka stoo. Alifungua mlango wa friji, na vifaranga hamsini na mmoja wakamtolea macho.

"Sasa tukuiteje?" alimwuliza mumewe aliporudi. "Baridi huna tena. Wewe ni Fundi Joto."

Jina lilishika. Biashara nayo ilishika. Kabla mwaka haujaisha alikuwa na mashine ya pili, kibao juu ya mlango, leseni ukutani, na wateja walioagiza vifaranga wiki tatu kabla. Alipenda kuamka asubuhi akijua hakuna wa kumwuliza umechelewa wapi. Ila kuna jambo hakulizoea: kila alipokwama, aligeuka kama mtu anayemtafuta mkubwa wake, akakuta ukuta.

Halafu mtu mwenye fedha akafungua kituo kikubwa cha vifaranga kando ya barabara kuu, na wateja wakaanza kupungua mmoja mmoja, bila ugomvi, kama watu wanaotoka msibani. Mama aliyekuwa akimletea mayai naye akahamia huko.

Hapo ndipo shemeji yake alipojitokeza. Alikuwa kaka mdogo wa mkewe, kijana mwenye viatu vinavyong'aa na ulimi ambao ungeweza kumwuzia samaki maji.

"Shemeji, nimepata mayai," alisema kabla hajakaa. "Shamba kubwa, kuku wa maana. Mwenyewe anafunga, anayatoa kwa bei ya kutupa."

"Anafunga kwa nini?"

"Amechoka. Mtu haruhusiwi kuchoka?"

Walikwenda shambani pamoja asubuhi iliyofuata. Fundi alikuwa ametembelea mashamba mengi ya kuku, na yote aliyasikia kabla hajayaona. Hili lilikuwa kimya. Mabanda manne marefu yalisimama nyuma ya geti, mapazia yote yameshushwa, na upepo ulileta harufu ya chokaa mbichi. Upande wa kushoto, ardhi ilikuwa imefukuliwa na kusawazishwa upya, eneo la ukubwa wa chumba. Mwenye shamba aliwatolea trei nje ya geti. Fundi alipompa mkono, yule bwana alirudisha wake nyuma, akaufuta kwenye suruali.

"Samahani. Mikono yangu michafu," alisema. Lakini mikono ilikuwa misafi, imeoshwa hadi ngozi kukauka.

"Kuku wako wazima?" Fundi aliuliza.

"Si unayaona mayai?" alijibu mwenye shamba, akaanza kufunga geti.

Mayai yalikuwa mazuri kweli, makubwa na ya rangi moja. Njiani Fundi alitaka kusema kitu, lakini shemeji alikuwa akipiga hesabu kwa sauti, mwenye furaha, na kituo cha barabara kuu kilikuwa kimeweka bango jipya. Jioni akayaingiza yote kwenye mashine ya kwanza.

Siku ya saba aliyamulika mayai, moja moja, katika stoo yenye giza. Yai zima huonyesha mishipa myembamba kama mizizi. Mengi yalionyesha pete ya damu tu, ishara kwamba uhai ulianza ukakatika. Yalikuwa mengi kuliko alivyowahi kuona. Aliyatoa, akayafunga kwenye mfuko, hakumwambia mtu. Wiki iliyofuata alipokea mzigo wa pili kutoka shamba lilelile na kujaza mashine ya pili.

Vifaranga waliototolewa walipendeza, manyoya yao ya njano yamekauka vizuri. Mia tatu walichukuliwa na mwalimu mstaafu aliyeishi mtaa wa pili, mama mrefu mwenye miwani, ambaye kiinua mgongo chake chote alikuwa amekijengea banda. Alikuwa na kuku wakubwa themanini waliokuwa wakitaga, na sasa alitaka kupanuka.

"Nilifundisha watoto wa watu miaka thelathini," alimwambia Fundi, akiyapanga maboksi kwenye gari la kukodi kama anayepanga mitungi ya kioo. "Sasa nataka kitu nitakachokiita changu."

"Karibu kwenye ukubwa, Mwalimu," alisema Fundi, wakacheka wote wawili.

Fundi alibakiza arobaini kwa ajili ya kufuga mwenyewe. Siku ya sita mkewe alimwita stoo. Vifaranga walikuwa wamejikusanya chini ya taa, macho yamefumbwa, mabawa yameshuka. Hawakulia. Nyuma yao, manyoya yalikuwa yamegandamana na kinyesi cheupe kama chaki. Saba walikuwa wamekufa. Jioni walikuwa kumi na mmoja.

Alifunga watatu kwenye gazeti akawapeleka kwa daktari wa mifugo, ambaye ofisi yake ilikuwa nyuma ya duka la dawa. Daktari aliwapasua, akatazama ini, akanawa mikono mara mbili.

"Mayai ulitoa wapi?"

Fundi alimweleza. Daktari alikausha mikono.

"Ugonjwa huu kuku anampa mtoto wake ndani ya yai," alisema. "Anazaliwa nao. Wengi wanakufa wiki mbili za kwanza. Wanaopona ndio wabaya zaidi, maana unawaona wazima, na siku wakitaga wanaurithisha. Wakichanganywa na kuku wengine, wanawaambukiza. Mayai yaliyomo kwenye mashine uyachome. Mashine uzioshe kwa dawa. Na kila aliyenunua kwako aambiwe leo."

"Nani atawaambia?"

Daktari alimtazama kana kwamba hakuelewa swali. "Biashara ya nani?"

Nyumbani alimkuta shemeji ameshika kikombe cha chai. Fundi alieleza kila kitu, na shemeji alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kunywa.

"Tusiwe na papara," alisema. "Kifaranga anaweza kufa kwa mambo mia. Baridi, maji, chakula, hata kukanyagana. Nani atathibitisha? Mayai ya mashine ya pili yana wateja tayari, imebaki wiki moja. Ukiyachoma, umejichoma. Yule wa barabara kuu atakuja kukupa pole na kununua kibao chako."

"Daktari amesema..."

"Daktari ana mshahara. Wewe una nini? Hili ni soko huria, shemeji. Hakuna aliyemshika mtu mkono kumleta dukani kwako."

Siku hiyo Fundi hakwenda popote. Siku ya pili pia. Alijiambia anasubiri kuona kama waliobaki watapona. Siku ya tatu Mwalimu alipiga simu mwenyewe.

Fundi alikwenda, akamkuta amekaa kwenye kigoda ndani ya banda, kitambaa cha kichwa kimelegea. Vifaranga walikuwa wamezungushiwa ukuta wa maboksi, nusu yao wamelala, na nusu ya waliolala hawakuwa wamelala. Ukutani alikuwa ametundika kipimajoto, na chini yake karatasi yenye mwandiko mzuri wa ubaoni: saa, joto, maji. Upande wa pili wa wavu, kuku wakubwa walikuwa wakiparua pumba, na kati yao Fundi aliona vifaranga sita wa njano.

"Wale niliwahamishia huko juzi kwenye joto la wenzao," alisema Mwalimu. "Nimekosea wapi, Fundi? Niambie tu, usinionee haya. Hapa mimi ndiye mwanafunzi."

Ilikuwa nafasi ya kusema. Maneno alikuwa nayo tayari, alikuwa ameyapanga njia nzima. Akasikia sauti yake ikisema:

"Joto halitoshi, Mwalimu. Shusha taa kidogo."

Mwalimu alipanda juu ya kigoda palepale, mtu wa umri ule, akaanza kufungua kamba ya taa. "Hivi? Au chini zaidi?"

"Hapo panatosha," alisema Fundi.

Alirudi nyumbani akaoga, akaoga tena. Mkewe alimwuliza kuna nini, naye akasema kichwa. Alfajiri ilipopambazuka alikuwa ameshavaa viatu.

Safari hii hakusita. Alisimama mlangoni mwa banda akamwambia Mwalimu yote: shamba lenye kimya, pete za damu, daktari, siku alizonyamaza. Akamwambia awatoe wale sita upande wa pili, ingawa alijua wamekaa humo siku tatu. Mwalimu alivua miwani yake akaifuta kwa upindo wa kanga, polepole, kioo cha kwanza na cha pili.

"Jana ulisimama hapohapo," alisema.

"Ndiyo."

"Ukanipandisha kigodani."

Mwalimu hakupaza sauti, hakulia. Alimpita, akachukua kapu, akaanza kuokota waliokufa, na Fundi alipoinama kumsaidia alimwambia, "Acha. Nenda ukawaambie wengine."

Alikwenda. Nyumba nne, na katika kila moja alisema maneno yaleyale. Mmoja alimtukana, mmoja alimwachia mbwa. Adhuhuri alirudi na dumu la mafuta ya taa ili ayamalize mayai ya mashine ya pili, ambayo sasa yalikuwa na siku kumi na saba. Alijua atakapoyashika yatakuwa na uzito wa kitu kilicho hai, na alikuwa amejiandaa kwa hilo.

Mlango wa mashine ulikuwa wazi. Taa zilikuwa zikiwaka. Trei hazikuwemo.

Mkewe alikuwa amesimama uani, mikono ameikunja kifuani.

"Alikuja na gari," alisema. "Ameyafunga kwenye mablanketi. Alisema mmeelewana."

"Wewe ulijua hatujaelewana."

"Ni ndugu yangu," alisema mkewe, na uso ukamshuka. "Alisema tutakufa njaa. Ningefanyaje?"

Simu ya shemeji haikupatikana siku hiyo wala zilizofuata. Fundi alikwenda shambani akakuta kufuli. Alikwenda kwa daktari, naye akaandika barua kwa wakubwa zake, akasema watafuatilia, lakini kumtafuta mtu mwenye mayai mia nne katika mji mzima si jambo la siku nne. Na Fundi alijua hesabu ile kuliko yeyote. Mahali fulani, katika chumba fulani, yale mayai yalikuwa na joto. Siku ya kumi na nane. Ya kumi na tisa. Siku ya ishirini aliosha mashine zake kwa dawa mpaka macho yakamwasha, na mikono ilipokuwa ikisugua alijikuta ameinamisha kichwa, akisikiliza.

Siku ya ishirini na mbili alikwenda sokoni kabla wauzaji hawajapanga bidhaa. Upande wa kuku, alimwona kijana asiyemjua akishusha maboksi yenye matundu. Yalikuwa mapya, yamechapwa nembo ya jua linalochomoza, na jina la kampuni ambalo Fundi hakuwahi kulisikia. Ndani yake mlikuwa na ule mlio. Watu walikuwa wamekwishajipanga.

"Msinunue," alisema, kwanza taratibu, halafu kwa nguvu. "Hawa ni wagonjwa. Wametoka kwenye mashine yangu."

Watu waligeuka. Muuzaji wa vyakula vya kuku, aliyemfahamu, alicheka.

"Fundi, ushindani umekuzidi sasa unawatia wenzako ubaya?"

"Mwulizeni daktari."

"Bei yako ilikuwa juu, kaka. Kubali yaishe."

Mwanamke aliyekuwa mbele kwenye foleni, mtoto mgongoni, alifunua boksi akachungulia. Alimtoa kifaranga mmoja akamweka kiganjani. Alikuwa mkavu, wa njano, miguu imara, macho angavu. Alimtazama kifaranga, akamtazama Fundi mwenye macho mekundu na shati lenye madoa ya dawa, akamrudisha kifaranga kwa wenzake kwa upole.

"Nipe hamsini," alimwambia kijana.

Foleni ikasogea. Fundi alimshika mkono kijana wa maboksi, watu wakamtoa, akarudi, wakamtoa tena, hadi mgambo wa soko akaja kumkalisha kwenye ngazi. Kutoka pale aliwaona wakiondoka, mmoja na boksi kichwani, mwingine kwenye baiskeli, mwanamke mwenye mtoto akishika njia ya mabondeni kwenye nyumba nyingi zenye kuku. Alijaribu kukumbuka kila aliyepita na njia aliyoshika. Walipofika kumi na tisa walianza kwenda wawili wawili, na hakuweza tena kuwafuata wote kwa macho.