Mkalimani Chini ya Jukwaa

Noelyn alikuwa akitafsiri mahubiri ambayo hakuyaamini hata neno moja. Alikuwa amesimama sakafuni, maana katika kanisa lao hapo kisiwani Malaita mwanamke hapandi jukwaani. Jukwaani juu yake, mhubiri mgeni kutoka Australia alikuwa akitokwa jasho. Mwanamke haruhusiwi kufundisha kanisani, eti, lakini mgeni akija na Kiingereza chake, anaitwa nani kutafsiri? Huyo huyo mwanamke. Mdomo wake wanauhitaji, akili yake aiache nyumbani. Kinyaa kitupu!

Saa nzima alikuwa akitafsiri. Mume ni kichwa, mke ni mwili. Mke mpole humbadilisha mume mkali. Wanaume waliitikia amina kwa nguvu, hasa Festus, aliyekaa mstari wa mbele na meno mekundu kwa kutafuna popoo. Popoo kanisani ni marufuku, lakini nani amguse Festus?

Huyo alikuwa shemeji yake. Wiki tatu nyuma alimvunja mkono Delma, mdogo wake Noelyn, kwa ajili ya viazi vitamu vilivyoungua. Delma alikimbilia kwa mama yao, na Mchungaji Hudson, mwenyeji wa mgeni, akapanga suala lake liamuliwe leo na mhubiri huyo mbele ya watu wote. Noelyn alimsihi mdogo wake usiku na mchana asirudi. Jibu likawa moja tu.

"Nitafanya atakachosema mtumishi wa Mungu, dada. Usinitie dhambini."

Sasa mhubiri aliomba dada aliyekimbia ndoa asimame. Delma akasimama, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Mhubiri akamtabasamia kama mtu anayemnywesha mtoto dawa chungu.

"Mwambie arudi kwa mumewe leo hii," akamwagiza Noelyn kwa Kiingereza. "Anyenyekee, na Mungu atamlainisha mume."

Noelyn alimtazama yule mzungu, kisha kile kitambaa. Akasogeza maikrofoni mdomoni.

"Mhubiri anasema hivi. Festus, mke ni mwili wako, na mwili huo umeuvunja mkono. Delma harudi kwako. Atakaa kwa mama yake, na asisumbuliwe na mtu."

Kanisa likavuma. "Yesu wangu!" bibi mmoja akapiga ukelele. Festus akaruka juu, mate mekundu yanamchuruzika.

"Harudi? Mahari nilitoa ya nini?"

"Kaa chini wewe, kwanza futa huo mdomo!" sauti ikatoka upande wa wanawake.

Mhubiri, kuona watu wameguswa namna ile, akadhani Roho ameshuka. Akainua mikono yote miwili na kupaza sauti, "Amina! Amina!" Kanisa zima likamwitikia.

Aliyebaki kimya ni Mchungaji Hudson, mtu pekee mwingine aliyejua Kiingereza. Alikuwa amesimama, uso umemwiva kwa hasira.

"Noelyn!"

"Naam, Mchungaji. Kuna neno nimelikosa? Lisahihishe wewe, watu wakusikie." Akamsogelea, akashusha sauti. "Mwambie Delma arudi, kwa mdomo wako mwenyewe, akavunjwe mkono wa pili pia."

Hudson alikitazama kitambaa, akawatazama binti zake watatu kwenye benchi la wanawake. Akakohoa.

"Hakuna," akasema. "Tuimbe."

Noelyn hakumshukuru hata kidogo. Mtu mzima ana mdomo wake, wiki tatu nzima ameufumba, leo anaogopa aibu ndipo anaona mkono umevunjika! Alimchukia zaidi ya mwanzo.

Nje, mhubiri alimkamata mkono mume wa Noelyn akimshukuru kwa kumruhusu mkewe kutumika. Hilo Noelyn hakulitafsiri. Alitema mate mchangani akaondoka.

Delma alimfuata mbio, akamshika nguo.

"Dada, niambie ukweli. Yule mzungu alisema hivyo?"

"Alisema amina. Hukumsikia?"

Delma aliutazama mdomo wa dada yake, kisha mkono wake mwenyewe kitambaani.

"Nilimsikia," akasema, akashika njia ya kwenda kwa mama yao.