Makofi ya Mama Pasi

Makofi yalikuwa yake peke yake. Mama Pasi aliyasikia yakigonga kuta za ukumbi, mazito, ya viganja vilivyokomazwa na kazi, na watu wa mbele wakageuka kumtazama kana kwamba ameingia na mbuzi. Aliendelea kidogo akidhani wengine watamfuata. Hakuna aliyemfuata. Jukwaani, binti mwenye fidla alikuwa amesimama kimya, upinde ameushusha ubavuni.

"Mama, bado," bwana wa mlangoni alimwinamia sikioni. "Huu muziki una sehemu. Hatupigi makofi katikati."

"Si amenyamaza?"

"Ananyamaza, kisha anaendelea. Njoo usubiri nje kidogo."

Akatolewa. Alishikwa kiwiko taratibu, kwa adabu ile inayouma kuliko matusi. Tangazo kwenye geti la chuo cha muziki lilisema karibuni wote. Halikusema njooni na mikono mfukoni. Mtu amefurahi, anaambiwa bado. Kumbe furaha nayo ina foleni. Hakusubiri. Alitembea mpaka nyumbani akisema peke yake njia nzima.

Na hiyo fidla hakuitafuta, ilikuwa imemfuata kazini tangu kabla ya siku hiyo. Chumba cha kupigia pasi, pale kwa dobi, dirisha lake linatazamana na dirisha la chuo cha muziki, na mwanzoni alisikia kelele tu, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Alimlaani anayeipiga. Kisha asubuhi moja, akiwa kwenye kola ya shati jeupe, sauti ile ikapanda, ikapanda tena, ikabaki huko juu ikitetemeka, naye akabaki nayo. Harufu ya kuungua ndiyo iliyomrudisha. Dobi alifoka mpaka mate yakamruka. Mama Pasi aliomba radhi kwa mdomo tu. Moyoni hakujuta hata chembe. Tangu amzike mumewe, hakuna kitu kilichowahi kumsimamisha namna ile.

Jumatatu wifi yake, anayekunja mashuka kwenye meza ya pili, alikuwa anangoja habari.

"Haya, mwenye ukumbi wake, ilikuwaje?"

"Wamenitoa."

"Umefanya nini tena?"

"Nimepiga makofi."

Wifi alicheka mpaka akakalia mashuka aliyokwisha kuyakunja. "Kaka yangu angekuwepo angekufa kwa kicheko. Wewe hata harusini kwako hukupiga makofi."

Mama Pasi hakucheka. Alikwenda akafunga dirisha, akasukuma komeo. "Wakae na fidla yao."

"Tutakufa na huu mvuke."

"Tufe."

Chumba kikajaa joto. Alipiga pasi kwa hasira, mashati yakatoka yamenyooka kuliko siku zote, na kila aliponyoosha mkono wa shati alikihisi kiwiko chake kikishikwa upya. Kisha ikaanza, nyembamba, nyuma ya kioo. Akaigongesha pasi mezani ili asiisikie. Haikusaidia, maana sasa alikuwa anaijua, alijua inapokwenda na mahali itakapokaa. Mkono ukasimama wenyewe. Safari hii aliisimamisha pasi kwanza, mbali na shati.

"Wifi," mwenzake alisema, sasa bila utani, "fungua basi. Unamkomoa nani?"

Alivuta komeo. Sauti ikaingia yote pamoja na hewa, ikapanda, ikapanda tena, ikatetemeka huko juu kama siku ile ya kola, halafu ikashuka polepole mpaka ikakoma. Kikaja kile kimya. Mama Pasi alikitambua. Alijua kabisa kwamba bado.

Akapiga makofi. Aliyapiga kwa nguvu, kifua nje ya dirisha, machozi yakimtoka na hasira haijaisha. Nyuma yake wifi naye akaanza, kwa aibu kidogo, shuka likiwa begani.

Ng'ambo, dirisha la chuo, ambalo hajawahi kuliona wazi, lilisukumwa kutoka ndani. Likakwama. Likasukumwa tena.