Pesa za Kanze

Kila Jumamosi jioni Kanze alikuwa akipiga simu, na mumewe, Kitsao Ngowa, alijua atakaloambiwa hata kabla ya kuipokea: unga umekwisha, mtoto ana homa, mwalimu amewarudisha watoto nyumbani. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akivuta mkokoteni pale soko la Marikiti, Mombasa, akitoa magunia ya vitunguu kwenye malori na kuyapeleka vibandani, na kila wiki alituma alichopata. Mara nyingine kilifika kwa wakati, mara nyingine kilichelewa na mkewe akaenda kulima shamba la watu ili wapate cha kupika. Lakini aliyetuma ni yeye, na jambo hilo lilimpa heshima machoni pake mwenyewe.

Mwaka jana simu zile zikabadilika. Kanze bado alipiga, ila sasa aliuliza tu, "U mzima, Baba Kingi? Umekula?" Akasimulia habari za mbuzi na za mawingu yanayopita bila kunyesha, kisha akaaga.

Sababu Kitsao aliijua. Shirika moja lilifika kijijini kwao, nyuma ya Ganze, likaandikisha kila nyumba na kusema litatuma pesa kwa simu kila mwezi kwa miaka mitatu, kila mtu azitumie apendavyo. Kitsao alipopata habari alikataa katakata.

"Hakuna mtu anayetoa pesa bure," alimwambia mkewe. "Leo watakupa, kesho watakuja kutaka shamba."

Kanze alimsikiliza mpaka akamaliza. "Huenda ikawa hivyo, Baba Kingi. Lakini kiangazi cha huku hukipitishi wewe. Nimeshajiandikisha."

Shamba hakuna aliyekuja kulitaka. Badala yake, Jumamosi moja Kanze akasema, "Wiki hii usitume. Nunua nyama ule." Kitsao aliyapokea maneno yale kama mtu aliyeachishwa kazi. Akamweleza Kaingu, mmoja wa wanaume watatu aliokaa nao chumba kimoja. Kaingu akacheka. "Mke akikwambia usitume, jua yuko mwingine anayetuma." Ulikuwa mzaha tu, lakini ulimkaa Kitsao moyoni miezi kadhaa, na kila alipokuwa peke yake na mkokoteni wake ulimrudia.

Ndipo Jumanne moja Kanze akapiga mchana, wakati usio wake. "Keshokutwa tutakuwa Mombasa, mimi na mamako."

"Kuna nini?"

"Macho."

Mamake Kitsao, Bi Sidi, alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Kwa miaka minne alitambua mwanga na kivuli tu, na alishikwa mkono hata kwenda msalani. Zahanati ilisema atafaa kupasuliwa. Kitsao alijibu kuwa akipata kitu kizuri atamleta, na alikusudia kweli, ila kitu kizuri hakikuja. Sasa Kanze alikuwa ameweka kidogo kidogo, kutoka kwa pesa za shirika, kwa miezi minane. "Kinakuja siku ninayoijua," alimweleza, "kwa hivyo naweza kukipangia kazi kabla hakijafika."

Kitsao hakujua afurahi au aone haya. Zaidi ya hayo hakuwa na pa kuwalaza. Alimweleza Bwana Zein, mzee wa Mji wa Kale aliyemkodishia mkokoteni na mwenye duka la viungo karibu na soko.

"Mamako hawezi kulala na wanaume wanne," alisema Bwana Zein. "Waje kwangu. Chumba cha marehemu mamangu ki wazi. Na wewe uje ule nao, usingoje kualikwa."

Jicho la kulia lilipasuliwa Ijumaa. La kushoto lingefuata baada ya mwezi. Kesho yake asubuhi muuguzi alifungua bandeji taratibu. Bi Sidi alitazama pazia, kisha mikono ya muuguzi, kisha akashika leso ya Kanze. "Kumbe ni nyekundu. Siku zote hizi nimedhani ni nyeusi." Halafu akamgeukia mwanawe.

"Mayo," Kitsao alimwita mamake kama alivyomwita tangu utotoni, "waniona?"

Bi Sidi alinyoosha mkono akagusa bega lake la kushoto. "Hili limeshuka."

"Ni magunia tu."

"Nilikuacha kijana," alisema. "Umekuwa babako. Sauti yako haikunieleza kitu."

Kitsao akatoka hadi ukumbini, akajifuta uso kwa shati.

Jumapili alasiri Bi Sidi alitaka kuona bahari. Walikwenda ufukwe wa Mama Ngina, naye akaketi ukutani na miwani yake meusi ya hospitali, akila muhogo wenye ndimu na pilipili. Meli iliyorundikwa makontena ilipita polepole kuelekea bandari ya Kilindini. Aliuliza kama ndani mna watu, na wanalala wapi, na nani anawapikia.

Mamake akiwa ameshughulika na meli, Kitsao alisema kwa sauti ya chini, "Nilidhani una mtu."

Kanze aliacha kutafuna. Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mtu? Nina mbuzi watano na mamako. Huyo mtu ningemweka wapi?" Alipotulia alimtazama. "Zamani nilikupigia kwa sababu ya unga. Sasa nakupigia kwa sababu yako. Hukuona tofauti?"

Kitsao alitazama muhogo uliokuwa mkononi mwake. "Sikuiona," alikiri.

"Mvua ya Aprili i karibu," aliendelea Kanze. "Miaka yote napanda mashamba ya watu kwanza, nikifika letu mvua imeshapita. Mwaka huu siendi kwa mtu. Lakini kule bondeni kuna visiki, na peke yangu siviwezi."

"Na pesa hizo zikiisha? Miaka mitatu si mingi."

"Ndiyo maana nataka ving'oke sasa."

Jumatatu Kitsao alimrudishia Bwana Zein mkokoteni, akasema anakwenda nyumbani kupanda. Mzee alikuwa akipima iliki, hakuinua kichwa. "Sikuwekei. Ukirudi ukiukuta, utauchukua. Usipoukuta, utangoja." Kisha akafunga bizari na mdalasini katika gazeti, akampa. "Mpe mamako. Mwambie jicho la kushoto likiwa tayari, chumba ni kile kile."

Walikwenda kupanda basi wakipitia sokoni. Bi Sidi alikataa kushikwa mkono. Alitembea mbele peke yake, akisimama kwenye kila fungu la pilipili na kila rundo la maembe, akiuliza bei na kupita bila kununua, na wauzaji walimjibu vizuri tu. Wachukuzi waliokuwa wakivuta mizigo nyuma yake walipiga kelele wapishwe njia, kisha walipomtambua Kitsao wakapunguza mwendo. Kanze alikuwa na mikoba. Kitsao alibeba jembe jipya na sururu kwenye bega la kulia, akafuata hatua za mamake bila kumharakisha.