Dari la Buluu la Bi Luvenia

Watu wananiuliza: kampuni ya kuchekesha watoto inajenga mji wa nini? Nimewajibu mikutanoni, nimewajibu kwenye foleni ya posta, na bado wanauliza. Haya, sikilizeni.

La kwanza, ina ardhi. Nakumbuka walivyoipata. Bwana mmoja wa suti alikuja kwa baba yangu akisema anatafuta kinamasi cha kulishia ng'ombe. Mwenziwe, kwa jina la mnunuzi mwingine, alikuwa kwa jirani akisema vilevile. Kufumba na kufumbua, nusu ya wilaya yetu hapa Florida ilikuwa mali ya Mwari, yule ndege mwenye kofia, alama ya Kampuni, aliyechorwa kwenye fulana za watoto. Miti ya machungwa tuliyopanda na kuchuma ikang'olewa, pakawa maegesho ya magari. Wakajenga bustani ya michezo, wakajenga hoteli, na ardhi ikabaki. Ardhi iliyobaki inamnyima tajiri usingizi.

La pili, kwenye ardhi yake Kampuni ni serikali. Ina zimamoto wake na sheria zake za ujenzi, na mwenye kura ni mwenye ardhi. Sasa ukiingiza watu waishi humo, kesho watataka kura. Basi kabla nyumba ya kwanza haijauzwa, waliumega mji wa Larkmead wakautupa nje ya mpaka wao. Wakazi walipe, wasipige kura. Mimi hilo nililipigia kelele mpaka sauti ikakauka, na watu waliendelea kupanga foleni kununua nyumba.

La tatu sikulijua mpaka dada yangu alipohamia huko.

Ndiyo, dada yangu. Mimi, Ezell Mungin, niliyewapanga watandika vitanda wa hoteli zile wagome mara mbili, nina dada ndani ya tumbo la Mwari! Mwanawe ni fundi wa ndege za jeshi; baba yake, Amos, alipofariki, akamnunulia mama nyumba Larkmead. Nilimwambia Luvenia maneno mengi. Akanijibu, "Ezell, una hasira tangu utotoni. Njoo ule."

Nikaenda nikala. Kila nyumba ya Larkmead ina baraza pana mbele, ni amri. Waliouza mji walisema majirani watakaa barazani jioni wakizungumza kama zamani. Lakini Florida ni Florida. Joto, mbu, na ndani kuna kiyoyozi. Viti vilikuwa vimepangwa vizuri, vitupu, mtaa mzima, na muziki ukitoka kwenye spika zilizofichwa mauani ukiviburudisha viti.

Baraza la Luvenia tu ndilo lililokuwa na mtu. Alikuwa amepaka dari lake buluu, ile buluu iliyopauka ya kwa bibi yetu, kwenye pwani ya Georgia tulikotoka tukiwa wadogo. Kwetu hujengi baraza bila dari la rangi hiyo. Mzuka hauvuki maji. Nao ukitazama juu unadhani ni maji, unarudi ulikotoka. Nyigu nao hawajengi hapo.

"Tangu Amos atutoke sijalala usingizi wa maana," aliniambia. "Nimelipaka hili dari, nikakaa chini yake, nikasinzia kama mtoto. Hapo ndipo nilipokubali kwamba hapa ni kwangu."

Ndipo alipokuja Bwana Haverty wa kamati ya rangi. Kijana mpole, shati limepigwa pasi, beji ya Mwari kifuani.

"Bi Luvenia, habari za mchana. Dari lako ni zuri sana."

"Asante, mwanangu."

"Lakini haliruhusiwi. Dari la baraza ni jeupe tu."

"Nani kasema?"

"Kamati."

"Kamati ni nani?" nikaingilia. "Nani aliwachagua?"

Akatazama viatu. "Tumeteuliwa, bwana."

"Na Kampuni!"

"Ezell, mwache mgeni apumue," Luvenia akasema. "Mwanangu, nisipolipaka jeupe?"

"Jumamosi watakuja mafundi walipake wao. Samahani sana, Bi Luvenia."

Alipoondoka, dada yangu akasema, "Wakilipaka jeupe nahama. Nitakuja kulala kwako Kissimmee."

Kwangu ni chumba kimoja na makaratasi ya miaka yote. Lakini sikuwaza hilo. Nilikwisha kufurahi. Nikaanza kueleza: mabango, kipaza sauti, watu wa gazeti, tuzibe njia ya gari la mafundi.

"Sitaki maandamano," akasema.

"Utashinda vipi bila maandamano?"

"Mimi sitaki kushinda. Nataka dari langu. Jumamosi nitakaanga samaki."

"Samaki!"

"Kambare. Wewe lete karanga za kuchemsha. Na ukija na bango hupati hata mwiba."

Jumamosi akaweka sufuria la mafuta uani, akakaanga kambare kwa unga wa mahindi. Harufu ilifanya kazi ambayo hotuba zangu hazijawahi kuifanya. Wa kwanza kutoka alikuwa Bi Iraida, mwalimu kutoka Puerto Rico, jirani wa mkono wa kushoto, na sahani ya ndizi za kukaanga.

"Mama Luvenia, kumbe unaishi! Nilidhani wewe ni picha ya tangazo."

"Nawe nilidhani ni kiyoyozi. Nasikia mngurumo tu."

Wakaja wengine na watoto wao. Baraza likajaa, ngazi zikajaa. Feni zikapepea, mbu wakapigwa makofi, wanaume wakabishana jinsi ya kuvua kambare. Nikajikuta nacheka. Nilikasirika kidogo kwa kucheka, halafu nikachukua samaki mwingine.

Katikati ya hayo gari la mafundi likafika, na ngazi na rangi nyeupe. Haverty akashuka. Nikasimama. Luvenia akanivuta mkanda, nikakaa.

Nyuma yake walikuwa wapiga picha wa Kampuni. Wametoka asubuhi kutafuta picha za kutangaza mji, wamezunguka mtaa baada ya mtaa, wameona viti vitupu tu. Mkubwa wao, mama mmoja mnene wa kofia ya majani, alisimama barabarani akashika kifua.

"Haverty, usiguse chochote! Hawa umewatoa wapi?"

"Sijawatoa popote. Wanaishi hapa."

"Kweli?" Akapiga picha mpaka akalala chini kwenye nyasi. "Na dari lile! Nani alichagua rangi ile?"

Haverty akamtazama dada yangu, akatazama ngazi ya mafundi, akawaambia mafundi waje wale samaki.

Mwezi uliofuata buluu iliingia kwenye rangi zilizoruhusiwa, na jina ikapewa: Buluu ya Larkmead. Mitaa mizima ikapaka. Nikapandwa na hasira! "Walichukua machungwa yetu, sasa wanauza mizuka yetu!"

"Acha wapake," Luvenia akasema. "Mizuka ya mtaa huu ilikuwa inahangaika."

Hapo nikalijua la tatu. Mgeni wa bustani huondoka jioni, geti likifungwa. Lakini watu waliopoteza majirani watalipa maisha yao yote kwa baraza tu na ahadi kwamba jirani atakuja. Kampuni iliuza ahadi. Jirani ilibidi akaangwe uani na dada yangu.

Haverty alirudi, safari hii na beji nyingine mkononi. Kampuni inaomba Bi Luvenia akae barazani kila Jumamosi, wageni wakija kutazama nyumba. Kwa mshahara.

"Dai chama cha wafanyakazi kwanza," nikasema.

Dada yangu aliigeuza beji, akamrudishia.

"Mwanangu, nikilipwa nitakuwa kazini. Nimefanya kazi tangu nina umri wa kubeba kikapu. Sasa nimekaa. Na wewe kaa, upo mkia wa samaki."

Haverty akatazama mtaani kama mtu anayeogopa kuonwa, akaivua beji yake, akaitia mfukoni. Nikasogea kumpisha.