Giza Nililomtilia Kibwana

Giza lilitangulia kutoka, uso wa kaka yangu ukaja mwisho. Nilikuwa nimeinamia sahani ya dawa ya kusafishia picha, taa nyekundu nyuma ya bega langu, nikiitikisa taratibu kama nilivyofundishwa. Karatasi ikashika weusi pembeni, weusi ukasogea ndani, na katikati pakabaki tundu jeupe lisilo na mtu. Nilihesabu mpaka ishirini kabla paji la uso halijajitokeza humo, kisha mashavu, kisha meno. Mwenye akili zake angeogopa. Mimi nilicheka peke yangu mle ndani, maana giza lile nilikuwa nimelitengeneza mwenyewe.

Picha yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Mwaka 1943 Kibwana alikuja nyumbani Marui kwa likizo ya siku kumi na nne, kabla jeshi halijawapeleka ng'ambo. Wakati huo nilikuwa nikisafisha picha kwa Mgoa mmoja Dar es Salaam. Nikamwomba kamera, nikaja nayo kwetu Kisarawe kifua mbele. Nilimsimamisha kaka uani saa sita mchana, na sare yake. Nyuma yake palikuwa na makopa ya muhogo yaliyoanikwa mkekani na kuku wawili, na mlangoni mwa jiko alisimama mkewe, Mwamvita, upawa mkononi.

"Piga basi, Twalibu, jua linaniunguza," alisema, macho ameyafinya, anacheka. "Na huyo wangu pale mlangoni umpate vizuri. Nataka nikawaringishie wenzangu."

Nilimpata vizuri. Niseme tu, maana ambao wangenizomea wamekwisha kufa: nilimpenda Mwamvita kabla kaka hajamposa. Sikumwambia mtu, hata yeye mwenyewe.

Barua za Kibwana zilikuja tatu, kisha zikakatika. Mapema mwaka uliofuata habari zikafika mpaka kwetu kwamba meli iliyobeba askari wetu imezamishwa baharini. Ilikuwa meli gani na nani alikuwemo, hakuna aliyejua. Mama yetu, Mwanamkuu, akawa anakula matonge mawili anasukuma sahani. Akaniagiza: "Nitolee picha kubwa ya mwanangu niitundike, niwe namwona."

Ndipo nikajifungia kwenye chumba cha giza Jumapili moja, tajiri wangu akiwa kanisani. Niliikuza ile picha ya likizo nikaiona ilivyo: jua, kuku, makopa. Nikaona haya. Picha za namna ile tulikuwa tukizitoa kila siku, na mimi nilitaka kufanya moja ya kwangu. Nikakata kadibodi mviringo, nikaichomeka kwenye waya, nikaishikilia juu ya uso wa kaka ili mwanga usimguse, na kila kitu kingine nikakiacha kiungue kwa mwanga mpaka kiwe cheusi. Makopa yakazama, kuku wakazama, ukuta ukazama, na mlango pamoja na aliyesimama mlangoni. Pale mlangoni niliongeza mwanga mara mbili. Nilijiambia ni kwa ajili ya uzuri.

Tajiri wangu aliitazama, akaniuliza nani kanifundisha, maana si yeye. Kichwa kikanivimba. Niliibeba mpaka Marui imefungwa ndani ya kanga mpya, kama mtu anayepeleka posa.

Mama aliifungua mkekani. Aliinyoosha kwa viganja viwili. Halafu akauliza, "Hapa yuko wapi?"

"Uani kwetu, mama. Ni ile ya likizo."

"Uani kwetu kuna jua." Akaweka kidole kwenye macho ya Kibwana. "Mbona amefumba macho?"

Nikainama niangalie. Macho aliyoyafinya kwa ajili ya jua, jua lilipoondolewa, yalikuwa macho ya maiti. Na kicheko chake, bila kuku, bila mke, bila mchana, kilikuwa meno tu. Mle studio sikuliona hilo hata kidogo, nilikuwa nikitazama giza langu.

Mwamvita alichutama kando ya mama, akapapasa ule weusi mahali ulipokuwa mlango. "Mimi nilikuwa hapa," alisema. "Shemeji, umenipeleka wapi?"

Mama alikwisha kupiga yowe, na majirani walikuwa wanaingia.

Aliyekuja kututuliza ni Mwalimu Mfaume, aliyekuwa akiwasomesha watoto wa kijiji Kurani. Alisema meli si mtu, na picha si barua ya serikali, tusubiri. Aliishika picha, akaipeleka mwangani, akaigeuza. Kisha akanigeukia mbele ya watu wote. "Twalibu, wewe ndiye fundi. Imetoka hivi yenyewe, au umeitia mkono?"

Kadibodi na waya. Ningesema hayo tu, wangenicheka siku mbili tatu, mama angenitukana, na kaka angebaki ni askari aliyechelewa kuandika. Mwamvita alikuwa akinitazama bila kupepesa macho.

"Imetoka hivi yenyewe, Mwalimu," nilisema.

Mama akaichukua picha kuwa ishara ya kifo, tukamswalia Kibwana bila jeneza. "Serikali haijasema," Mwamvita alilalamika, mara moja tu, na mama akamwambia kwamba serikali ilimchukua Kibwana lakini aliyemzaa ni yeye. Akaingizwa eda, miezi minne na siku kumi, akitoka kwa kujitanda na kurudi ndani. Eda ilipokwisha wazee wakaona vyema mke asitoke mikononi mwa nyumba, nikaulizwa kama namtaka. Nilijifanya kusita. Novemba Mwalimu Mfaume akatuozesha, shingo upande. Tulipika pilau, nami sikumbuki siku niliyowahi kuwa na furaha kama ile.

Picha ilitundikwa ukumbini, na haikutulia. Asubuhi moja tuliikuta imegeukia ukutani. Kila mmoja akaapa kwamba si yeye, tukaigeuza, na baada ya siku tatu ikawa hivyo tena. Watoto wa jirani waliacha kukatiza uani kwetu. Kisha, masika yalipoanza, mama akaniita. "Nani huyu anayesogea nyuma ya mwanangu?"

Najua sababu yake. Kwa haraka ya Jumapili ile sikuiosha karatasi inavyotakiwa, na dawa iliyobakia ilikuwa inakula weusi polepole. Kujua hakukunisaidia. Nyuma ya bega la Kibwana, pale ulipozama mlango, palikuwa na ukungu wa kahawia, wima kama mtoto aliyesimama, na kila wiki ulizidi kupata umbo: kwanza bega, kisha mkono, kisha kitu kirefu mkononi. Mama aliamini ni malaika. Mwamvita alipita chini yake kila siku akienda kisimani, tumbo likimkua, wala hakuinua macho. Mimi nililala nikijifunika mpaka kichwani, mtu mzima.

Julai 1945 tarishi wa boma alileta bahasha. Mama alikuwa shambani. Mwamvita alikaa kizingitini, mimba yake ya miezi saba, akaniambia nisome. Nikasoma kwamba Kibwana alikufa kwa homa katika hospitali ya jeshi huko India, na kwamba serikali inatupa pole. Nikaikunja karatasi.

"Tarehe?" aliuliza.

"Mwamvita..."

"Tarehe imeandikwa ngapi?"

Nikaikunjua. Kumi na mbili Februari, mwaka ule ule wa 1945.

Hakulia. Aliweka mkono tumboni akawa kama anasikiliza. "Alikuwa hai tulipomswalia," alisema. "Alikuwa hai siku ya pilau. Na huyu akaingia humu mume wangu akiwa hai."

Nikamweleza yote, ya kadibodi na ya waya, na nikamweleza kwa nini. Nilidhani atanipiga kwa kilicho karibu. Yeye alisikiliza kama mtu anayesomewa barua ya jana.

"Nilijua," alisema. "Jua lilikuwa linanipiga usoni pale mlangoni. Sikumezwa na picha, nilimezwa na mtu."

"Kwa nini hukusema?"

"Aliyeulizwa ni wewe. Mimi nani angenisikiliza?" Akainuka kwa kushika mwimo wa mlango. "Kesho nipeleke kwa kaka zangu Kibaha, shemeji."

Hakuwa ameniita hivyo tangu ndoa. Sikubisha. Nilimfungia mizigo yake kwa mikono yangu, na njia nzima nilitembea nyuma yake.

Mtoto alizaliwa Tangini, huko huko Kibaha, wa kiume. Siku ya kumpa jina tulikwenda, mama na mimi na Mwalimu Mfaume. Mwamvita alitoka na kichanga akasema ataitwa Kondo, Kondo bin Kibwana. Watu wakatazamana. Kibwana alikuwa ameondoka nchini miaka miwili nyuma, na kila aliyekaa pale alijua kuhesabu. Mwalimu akanigeukia, kama alivyonigeukia mara ya kwanza.

"Twalibu, una la kusema?"

Nilimtazama mtoto. Alikuwa na kidevu changu. Nilitaka kusema kuliko nilivyowahi kutaka jambo lolote.

"Sina, Mwalimu."

Mama akapiga vigelegele, Kibwana wake ameacha mtu.

Sasa Kondo mwenyewe ana mvi. Kila Idi hutoka Kibaha kuja kunijulia hali, na kilo ya sukari na maneno machache. Nimezeeka bila mtoto mwingine. Hatujawahi kulizungumza jambo lile, na sijui mama yake alimwambia nini kabla hajafa. Huvua viatu, huingia, huinama mbele ya kiti changu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu," namjibu, neno ambalo baba mdogo yeyote ana ruhusa ya kulitamka.