Tumbo la Manowari

Usiku wa kuamkia jana niliota nimeitwa ofisini kwa nahodha wa manowari niliyoijenga mwenyewe, kwa mikono yangu hii, juu ya meza ya kulia chakula nyumbani kwetu Tabora. Ofisi yake iko nyuma ya mzinga wa mbele. Kuingia ilibidi nisukume mlango kwa bega, tena mara tatu.

"Ni rangi hiyo," nahodha akasema bila kuinua macho kwenye karatasi zake. "Umepaka nene mno, Mwalimu. Nusu milimita ya kwako, kwetu ni sentimita kumi na saba na nusu. Mabaharia wangu wanatokea madirishani."

Nikaomba radhi. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na hesabu yake ilikuwa sawa. Manowari yangu ni ya kipimo cha moja kwa mia tatu na hamsini, yaani mita thelathini na tano za meli ya kweli ni sentimita kumi za kwangu. Nahodha mwenyewe, akisimama wima na kofia yake, hazidi milimita tano. Ndotoni tulikuwa kimo kimoja na hakuna aliyeshangaa.

"Lakini sikukuitia rangi," akaendelea. "Nataka kujua nusu ya chini umeipeleka wapi."

Hapo uso ukanishuka. Ni kweli niliikata. Wiki tatu zilizopita, nikijiandaa kwa maonyesho ya shule, nilichukua msumeno nikaikata meli kwenye mstari wa maji kuanzia omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, ili ikae bapa juu ya ubao nilioupaka rangi ya bahari. Wajenzi wengi wa mifano hufanya hivyo. Ukiiweka nzima juu ya ubao inaonekana imepanda juu ya maji. Ukiikata inaonekana inaelea. Nusu ya chini niliirusha dirishani, wala sikuangalia ilikoangukia. Niliamini ndani yake hamna kitu.

"Mdogo wangu yumo humo," nahodha akasema. "Kombo, fundi mitambo. Alishuka na mafundi wenzake kutia mafuta, akaniambia, kaka, narudi sasa hivi."

"Ni wiki tatu tu," nikasema, na nikajisikia vibaya kwa ile *tu*.

"Wiki tatu za kwako. Zidisha."

Nikatoa chaki mfukoni, nikazidisha ukutani kwake. Siku ishirini na moja mara mia tatu na hamsini ni siku elfu saba mia tatu na hamsini. Miaka ishirini na siku hamsini.

"Umesahau miaka mirefu," mzinga ukasema kutoka nje.

Nikapunguza siku tano. Mzinga ukaguna kwa kuridhika.

"Chakula walichoshuka nacho ni cha miaka ishirini na miezi miwili," nahodha akasema. "Zimebaki siku kumi na tano. Kwa saa yako ya mkononi hiyo ni saa moja na dakika mbili, na hizo dakika mbili tumeshazitumia hapa. Wanasema aliye juu mngoje chini. Basi wenzetu wametungoja huko chini mpaka ndevu zimeota mvi, Mwalimu."

Sasa niko baharini. Bahari haijakauka. Juu ya wimbi la kwanza kuna kibao: RANGI MBICHI, USIKANYAGE, na mwandiko ni wangu. Nakanyaga. Kila hatua kiatu kinanata, na nyuma yangu nyayo zinabaki wazi katikati ya maji, nami naona haya kuharibu kazi ya watu, halafu nakumbuka ni kazi yangu.

Pembeni mwa bahari msumeno umejilaza, unapiga mswaki jino moja moja.

"Nusu ya chini iko wapi?" nauliza.

"Kazi yangu ni kukata," msumeno unasema. "Kutupa ni idara nyingine."

"Lakini ulikuwepo. Ilielekea upande gani?"

"Chini ya mstari wa maji. Kwani wewe ulitaka iwe wapi?"

Jibu hilo lilinikera kwa sababu lilikuwa la akili. Nikainama, nikashika ukingo wa bahari, nikaufunua kama mtu anavyofunua mkeka afagie.

Chini yake palikuwa banda la kuku la mume wangu, Nkwabi, na jua la saa sita lilikuwa likiingia kwenye nafasi za mabanzi. Kuku mwekundu, mrefu kuliko bweni la wasichana, alikuwa ameatamia. Chini ya bawa lake nikaona mayai tisa, na kando ya la tisa, kipande cha rangi ya kijivu niliyoichanganya mwenyewe.

"Samahani, mama," nikamwambia kuku. "Hicho kimoja si chako."

"Kilinikuta hapa, nikakipa joto," akajibu. "Leo ni siku ya ishirini na moja. Yote yanaanguliwa leo, hicho nacho."

"Mama, humo ndani kuna watu."

Kuku akageuza kichwa, akanitazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili, kama anayelinganisha majibu.

"Ndani ya kila ninachoatamia kuna mtu," akasema. "Unadhani nimekaa hapa wiki tatu nikipunga upepo?"

Akainua bawa. Nikatega sikio kwenye ubavu wa meli yangu, na humo ndani mtu alikuwa anagonga, kwa utaratibu, kama mgonjwa asiyetaka kuamsha wodi nzima. Nikapanda, nikachungulia pale msumeno ulipopita.

Kulikuwa na taa. Kulikuwa na ngazi zinazopanda na kuishia hewani. Watu kumi na wawili waliokonda walikuwa wamekaa kuizunguka mitambo, wakitazama juu, na mmoja akaniambia kwa upole kwamba mbingu yao ina manyoya na haijawahi kunyesha. Mwenye ndevu ndefu kuliko wote alikuwa na brashi mkononi. Mbele yake, juu ya pipa la mafuta, ilisimama manowari ndogo ya maganda ya biskuti.

"Wewe ndiwe Kombo?" nikauliza.

"Ndimi. Na wewe ndiwe mwenye rangi nene."

Nikaitazama kazi yake. Nimekaa miaka tisa kwenye mchezo huu na sijaona kitu kama kile. Aliijenga kwa kukumbuka tu, mpaka vitasa vya milango, mpaka kaka yake amesimama juu ya ngazi akichungulia chini. Rangi ilikuwa nyembamba na milango ilifunguka. Lakini haikukaa vizuri juu ya pipa. Ilikuwa nzima, na tumbo lake liliifanya iegemee upande.

"Mbona hukuikata?" nikamwuliza. "Ingekaa bapa."

"Nilifikiria," Kombo akasema. "Nikashika kisu. Nikaanza kutafuta pa kukata, Mwalimu, nikakuta kila mahali kuna mtu."

Nikalia. Nililia kwa sauti, mbele ya fundi mitambo na wenzake, na hakuna aliyenikataza.

Zimebaki dakika tano. Naibeba ile nusu begani, kuku ananisukuma kwa mdomo kutoka nyuma, tunapenya chini ya bahari mpaka tunaona mwanga wa meli ya juu. Nakamua gundi pande zote. Nazibananisha nusu mbili kwa viganja.

"Shikilia dakika tano," gundi inasema. "Usitikisike. Usipige chafya. Na tafadhali sana, usiamke."

Nashikilia. Ndani nasikia viatu vikipanda ngazi na vingine vikishuka. Nasikia mtu anaita, "Kaka!" Dakika ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne, na ngazi zimejaa vishindo, na bado sijasikia jibu la nahodha.

"Mama Mhoja. Mama Mhoja, chai inapoa."

Nkwabi alikuwa amenishika bega. Kulikuwa kumekucha. Mikono yangu ilikuwa juu, imebana hewa.

"Umeniamsha dakika ya ngapi?" nikamwuliza.

"Dakika ya nini?"

Nilikuwa na hasira na hofu kwa pamoja. Nikakimbilia sebuleni peku. Manowari ilikuwa rafuni, bapa juu ya ubao wake, kama nilivyoiacha. Nikataka kuiinua nione chini, nikashindwa. Ningeikuta haina kitu, ningefanya nini?

Nikanyoosha kidole, nikagusa dohani, lile bomba dogo la moshi katikati ya sitaha. Nikaondoa kidole haraka.

Nkwabi alikuwa amenifuata na kikombe chake. Naye akagusa, akaupuliza mkono, akainama kunusa.

"Mke wangu," akasema, "umeweka nini humu ndani?"

"Watu," nikasema.